Yaliyoshuka Dohanini

Wa kwanza kushuka alikuwa kunguru. Alikuwa amekauka zamani, mbawa kazibana kifuani, na alipogonga sakafu alilia ko, kama kibao. Nyuma yake kikafuata kiota, na kunguru wa Magongo hajengi kwa vijiti vitupu. Kiota kizima kilikuwa waya, misumari iliyopinda na vipande vya nyavu za vitunguu. Chengo fundi alikuwa juu ya bati, akiteremsha na kupandisha kamba yenye jiwe lililovishwa gunia. Akauliza kwa sauti kama kimetoka kitu. Mwanarehema akamjibu kuwa ametoka kunguru na nyumba yake.

"Huyo ni bawabu tu," Chengo akasema kutoka juu. "Wenyewe wangali ndani."

Mwanarehema akajifunga mtandio puani, akamzoa kunguru kwa kipande cha bati. Hakulalamika. Dohani hiyo aliiombea ruhusa miezi mitano.

Chumba alichopikia, nyuma ya nyumba ya Bi Nadira, zamani kilikuwa cha tanuri la mikate, enzi za marehemu mumewe Bi Nadira. Tanuri lilishavunjwa. Dohani ya tofali ikabaki ukutani, imepanda ikapita ghorofa ya juu anakoishi Bi Nadira na bintiye Jalila, ikatokeza juu ya bati. Mwanarehema, mumewe Suleiman na binti yao Ummi walipanga chini, chumba cha kulala na hicho cha kupikia. Humo Mwanarehema huchemsha mbaazi jioni na kuchoma mahamri asubuhi, kwa kuni na makumbi, moshi ukitafuta mlango kama mtu kipofu. Kupika uani Bi Nadira alikataza. Jalila ni msusi, wateja wake hupita uani wakiwa wametoka kusukwa, na hawapendi kurudi kwao wananuka moshi wa mbaazi.

Ummi ana miaka sita na ana pumu. Mwaka huu amebebwa mara tatu mbio zahanati, midomo imegeuka rangi ya zambarau. Mara ya tatu muuguzi hakumpa Mwanarehema pole. Alimtazama tu, akamwambia kwa uchovu, "Mama, humo ndani hamkai wawili. Ama moshi utoke, ama mtoto atoke."

Suleiman hubeba magunia kwenye ghala moja karibu na Kipevu, na si mtu wa maneno. Alimwomba mchomeleaji wanayefahamiana amtengenezee jiko la chuma, lenye mlango wake na bomba lake. Kisha akasema jiko lisipowaka sawasawa kufikia Ijumaa, Ummi atapelekwa Matuga kwa bibi yake, akae huko mpaka Mungu apendapo. Mkoba wa mtoto ulikwisha fungwa. Ulining'inia kwenye msumari juu ya kitanda, na kila siku Ummi aliufungua, akamtoa mwanasesere wake akacheza naye, kisha akamrudisha, kwa kuwa aliambiwa huyo naye anasafiri.

Siku hiyo ilikuwa Jumanne.

* * *

Kamba ilishuka mara ya nne ikakwama. Chengo akavuta, akalegeza, akavuta. Mwisho akateremka kwa ngazi, akaingia jikoni amejaa vumbi mpaka kwenye kope, akasema kilichoko humo si tofali wala si kiota, maana kinadunda. Akachukua mwanzi mrefu aliokuwa ameufunga ndoano ya waya, akauingiza kwa chini, akauzungusha kama mtu anayesonga ugali, akavuta.

Kikaja.

Lilikuwa donge kubwa kuliko mto wa kulalia, jeusi, limeshikana kwa masizi na mafuta ya nazi yaliyochacha. Lilianguka bila sauti. Hilo ndilo lililomchukiza Mwanarehema kwanza, kwamba kitu kikubwa hivyo kianguke na kisiseme. Kisha harufu ikafika, harufu ya kichwa kisichooshwa, ya kitambaa kilichooza, ya panya. Aliijua. Miaka miwili amekuwa akiinusa, na miaka miwili Bi Nadira amekuwa akisimama kwenye ngazi na leso puani akisema ni harufu ya watu wa chini.

Zilikuwa nywele. Chengo alivuta tena, likaja donge la pili, na la tatu. Nywele fupi zilizochanuliwa zikavingirishwa kama vidonge. Nywele ndefu zilizokatika. Nywele za mvi zenye hina. Na mikia kwa mikia ya nywele za dukani, nyekundu, za rangi ya kahawia, nyingine zambarau, zimefumuliwa vichwani na kusokomezwa humo pamoja na mba za wenyewe. Katikati yake mlikuwa na vikaratasi vya gazeti vilivyokunjwa vizuri. Kimoja kilifunguka kilipoanguka. Ndani yake mlikuwa na kucha. Mende walitoka wakakimbilia kila upande, na ndani ya donge la tatu, kwenye kishimo laini kama kitanda cha mtoto mchanga, watoto wa panya watano, wekundu, hawana manyoya, walikuwa wakijinyonganyonga juu ya nywele za watu.

Mwanarehema alitoka akatapika chai yake nyuma ya mtungi. Aliporudi, Ummi alikuwa amesimama mlangoni, amejiziba mdomo kwa kiganja kama alivyofundishwa.

"Mama, huyo ni mtu?" akauliza.

"Si mtu. Nenda barazani."

"Mbona ana nywele?"

Chengo alikuwa ameingiza kichwa kwenye dohani. Alipokitoa alisema kuna tundu huko katikati, la ukubwa wa sahani, na mwanga unaoonekana ni wa taa ya umeme, si wa jua. Akashika mkia mmoja wa zambarau kwa ncha za vidole. Alisema hizi za dukani ni plastiki. Mbaazi zingepikwa siku moja, cheche ingepanda, na dohani nzima ingewaka ndani kwa ndani huku moshi wake ukirudi chini kwa mtoto.

Hapo Mwanarehema akaelewa mambo mawili kwa pamoja. La kwanza, kwa nini wateja wa Jalila hutoka mpaka Mikindani na Bombolulu na kuacha wasusi wa karibu. Walikuwa wakisifu wakipita uani: kwa Jalila nywele haipotei. Maana nywele yako ikizagaa itaokotwa na asiyekutakia mema, au itabebwa na ndege akajengee, uumwe na kichwa mwaka mzima. Na kuichoma ni vibaya zaidi, wasema utapata wazimu. Jalila alikuwa na pahali pasipofikiwa na mkono wa mtu. La pili, kwamba alikuwa akiwasukia watu juu na kumlundikia yeye chini.

* * *

Bi Nadira alishuka kwa sababu ya kelele za ngazi ya fundi. Ni mama wa makamo, msafi wa kupindukia. Hata Mwanarehema akipanda kwake kwa shida yoyote huvua viatu chini kabisa kwenye ngazi, na chai hupewa kwenye kikombe cha plastiki cha kijani kinachokaa peke yake dirishani.

"Shikamoo, Bi Nadira."

Hakuitikia. Alikuwa akitazama sakafu. Kisha akaingia upesi, akavua leso ya juu, akaifunika juu ya madonge yale kama mtu afunikaye maiti njiani.

"Nani kakuruhusu kuzitoa?"

"Ulituruhusu tusafishe dohani, Bi."

"Niliruhusu masizi. Hizi ni amana za watu." Akageuka kutazama uani kama kuna aliyeona. "Zirudishe."

Chengo alicheka, akaona anacheka peke yake. Akafuta mikono kwenye suruali, akaeleza kwa adabu kwamba boriti za sakafu ya juu ziko shubiri moja tu kutoka kwenye tofali. Nywele zile zikishika moto mle hazizimwi kwa ndoo, na watakaoungua kwanza ni wa juu.

"Basi asiwashe," Bi Nadira akasema.

Mwanarehema angeweza kusema mengi. Lakini aliufikiria ule mkoba kwenye msumari, akasema kwa sauti ya chini kwamba atazizika yeye mwenyewe, kando ya ukuta ambako hapapiti mtu, kina cha mkono mzima, wala hautabaki unywele. Anachoomba ni kitu kimoja, lile tundu la juu lizibwe kwa saruji.

Bi Nadira akakubali, ila kwa sharti. Chengo asiziguse, yeye mwanamume na hizi ni nywele za wanawake wa watu. Na zisizolewe kwa koleo, koleo hutawanya. Zizolewe kwa mkono.

Basi Mwanarehema alizizoa kwa mkono. Alivaa mifuko ya nailoni vidoleni, ikachanika kwenye donge la kwanza. Zilikuwa na unyevunyevu. Zilimng'ang'ania kwenye vifundo vya vidole, zikaingia chini ya kucha, zikajifunga kwenye pete ya ndoa. Alichimba shimo, akajaza, akarudi, akajaza. Bi Nadira alisimama hatua tano mbali na leso nyingine puani, akinyoosha kidole: unywele ule pale, na ule kwenye jiwe, usiukanyage.

Jirani mmoja alipita uchochoroni, akasita, akauliza kuna nini kinachonuka hivyo.

"Ah, mwanangu," Bi Nadira akasema, "ndiyo mambo ya wapangaji. Hawa watu wa chini usipowasimamia, watakufisha kwa uchafu."

Mwanarehema alikuwa amepiga magoti shimoni, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko. Hakuinua kichwa. Alingoja jirani apite, kisha akaendelea kufukia.

* * *

Jumatano Chengo alimaliza kazi yake kama inavyotakiwa. Alisugua dohani kwa brashi ya waya mpaka tofali zikaonekana rangi, akaziba nyufa za chini kwa saruji na mchanga, akatia wavu juu ili kunguru wasirudi, na juu ya wavu akaweka kofia ya bati. Nyuma ya jiko alisimamisha bati mbali kidogo na ukuta. Bomba alilipachika, na kiungo chake akakifunga kwa udongo wa mfinyanzi. Lakini alisema hataki liwashwe kabla ya kupimwa. Utaratibu wake ni kuwasha makumbi mabichi chini, kuziba juu kwa gunia bichi, halafu kutazama moshi unatokea wapi. Ukitokea popote, hapo pana tundu.

Bi Nadira akakataa katakata. Jalila alikuwa na bibi harusi juu. Moshi utokee wapi, kwenye nguo za watu? Chengo akaomba basi apande aone tundu lilivyozibwa kwa macho yake. Hilo ndilo likawa kosa kubwa zaidi, mwanamume kuomba kuingia chumba cha kusukia wanawake. Akaambiwa kazi yake imekwisha. Bi Nadira akasema kama hawaamini, mwenye jiko apande mwenyewe.

Mwanarehema akavua viatu, akapanda. Chumba cha Jalila kilijaa harufu ya udi na mafuta. Bibi harusi alikuwa ameketi chini, kichwa nusu kimesukwa, na pembeni wenzake wawili wakila sambusa. Jalila alikuwa na kitana mdomoni. Akaelekeza kwa kidevu ukutani, ambako palitundikwa pazia jipya la maua.

"Tushaziba, dadangu. Tangu jana."

Mwanarehema alilitazama pazia. Lilikuwa hatua mbili tu. Lakini chumba kilikuwa cha mwenyewe, na kitanda chake kilikuwa hapo, na wageni walikuwa wameacha kutafuna wakimtazama miguu yake yenye masizi. Kumfunulia mtu pazia chumbani kwake mbele ya wageni ni kumwita mwongo. Akaona haya. Akasema ahsante.

Bi Nadira akamletea chai kwenye kikombe cha kijani, naye akainywa akiwa wima karibu na mlango. Hajafika ngazi ya tatu alisikia nyuma yake, kwa sauti isiyofichwa, "Jalila, kikombe hicho kisugue kwa jivu. Ndani na nje. Mikono ile jana ilikuwa kwenye nini, unajua mwenyewe."

Wageni wakacheka kidogo, kicheko cha adabu.

* * *

Alhamisi asubuhi jiko likawashwa. Suleiman alichelewa kwenda kazini makusudi. Walisimama wote watatu wakitazama mlango mdogo wa chuma, moto ukinguruma nyuma yake, na jikoni hakuna moshi. Suleiman akatoka nje akatazama juu. Moshi ulikuwa ukitoka chini ya kofia ya bati, mwembamba, mweupe, ukaenda zake. Aliingia chumbani, akaushusha ule mkoba kutoka kwenye msumari, akauweka kitandani bila kuufungua, akaenda kazini.

Ummi alileta kigoda chake jikoni, mahali alipokuwa hajaketi tangu mvua za mwanzo. Akampa mwanasesere tonge la unga wa mahamri.

Ilipofika saa nne, sufuria ya mbaazi, aliyoiwahisha siku hiyo kulijaribu jiko, ikiwa imeanza kuchemka, Mwanarehema alisikia kitu kikiteleza ndani ya tofali. Kilishuka taratibu, shhh, kikakoma. Mara ikaja harufu. Aliyewahi kuunguza unywele mmoja kwenye mshumaa anaijua. Hii ilikuwa ya vichwa vizima. Mlango wa jiko ukaanza kutoa moshi wa kahawia pembezoni, mzito, wenye kunata kooni, na Ummi akakohoa mara moja, mara mbili, kisha akaacha kukohoa akabaki na ule mluzi kifuani.

Mwanarehema alimbeba mpaka barazani, akamtia dawa ya kuvuta mdomoni, akabonyeza, akahesabu naye, akabonyeza tena. Alimshika mpaka mluzi ulipopungua na midomo ikabaki na rangi yake. Akamkabidhi kwa mama muuza mchicha wa mlango wa pili. Kisha akarudi ndani, akautoa moto kwa koleo, akaumwagia maji, akazungusha kitambaa kibichi mkononi, akalichomoa bomba, akatia mkono kwenye dohani.

Donge lilikuwa na joto. Upande mmoja lilikuwa limeyeyuka likawa kama lami, upande wa pili lilikuwa bado nywele, safi, mpya, zimetiwa mafuta ya siku hiyo hiyo.

Alilitia kwenye sahani. Alichukua ndoo ya saruji yenye vigae na vipande vya tofali aliyoibakisha Chengo, akatia maji, akakoroga kwa mwiko wa fundi. Akapanda na vyote viwili, na viatu hakuvua.

Juu palikuwa na ukungu wa kahawia, madirisha yamefunguliwa, wateja wawili wanapunga leso. Mwanarehema alivuka katikati yao akalifunua pazia. Nyuma yake palikuwa na kipande cha boksi la sabuni kilichopakwa chokaa, kimeshikizwa kwa misumari miwili, na cha kulia kilikuwa kimelegea kwa kufunguliwa mara kwa mara. Moshi ulikuwa ukivuja pembe zote nne.

"Ni kidogo tu nilitia," Jalila akasema. "Uani pamejaa watu. Ningezipeleka wapi?"

Mwanarehema aliweka sahani juu ya meza, kando ya sambusa za wateja.

"Mwanangu alikuwa anazivuta kifuani," akasema. "Hizo. Zenye mba zenu."

Mteja mmoja alitazama sahani, akajitambua kwa rangi, akafunika kichwa chake kwa mikono miwili. Mwanarehema akalibandua boksi, akachagua vigae na vipande vya tofali kutoka ndooni, akavipanga tunduni kimoja kimoja, akaanza kupaka. Alipaka bila haraka, kama apakavyo siagi mtu mwenye mkate mmoja. Bi Nadira alitokea mlangoni, akafungua kinywa. Aliona viatu vilivyo juu ya mkeka wake, akaona sahani, akaona wateja wanavyomtazama yeye na si mpangaji. Akageuka akaondoka.

Alipomaliza, Mwanarehema alikwenda kwenye beseni la wageni, lile la maua, akanawa kwa sabuni ya wageni mpaka maji yakawa ya kijivu. Akayaacha humo humo.

* * *

Jioni bomba likarudishwa, moto ukawaka tena na moshi ukaenda juu bila kusita. Chengo alikuja, na safari hii aliziba juu kwa gunia bichi na hakuomba ruhusa ya mtu. Moshi haukutokea popote. Suleiman aliporudi akasimuliwa, akaingia chumbani, akaufungua mkoba na kuzitundika nguo za Ummi moja moja. Unga wa mahamri aliukanda yeye usiku ule, kwa kuwa Mwanarehema alikuwa akinusa vidole vyake na kila aliponusa alilazimika kutoka nje.

Wangali katika hilo, Jalila alishuka na chai. Haikuwa kwenye kikombe cha kijani. Ilikuwa kwenye bilauri ya kioo yenye ukingo wa dhahabu, na juu ya kisahani, na alisema mama yake anasalimu na anauliza hali ya mtoto.

"Mwambie hajambo," Mwanarehema akasema.

Jalila akaiweka juu ya kigoda, akapanda.

Mwanarehema aliitazama chai. Ilikuwa ya maziwa, imetiwa iliki, na mvuke wake ulikuwa mzuri. Aliipeleka mlangoni akaimwaga kwenye mfereji. Akachota jivu la jiko jipya, lilikuwa bado vuguvugu, akaisugua bilauri ndani na nje, pamoja na ukingo wa dhahabu, akaisuuza, akaisugua tena. Kisha akamwita Ummi.

"Abee, mama."

"Mpelekee Bi Nadira bilauri yake. Mwambie mama ameshaisugua."